Bismack Biyombo: mwana wa Lubumbashi aliyeng'aa kutoka benchi

LUBUMBASHI, Haut-Katanga. Katika mji huu, mtoto akisema anapenda mpira, watu wanaelewa mpira wa miguu. Huu ni mji wa TP Mazembe, klabu iliyochukua ubingwa wa Afrika mara 5 na kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu mwaka 2010. Baskete inakuja nyuma, na viwanja vyake ni vichache. Hata hivyo, mmoja kati ya wana wa Lubumbashi wanaojulikana sana duniani hakupata jina kwa miguu. Alilipata kwa mikono, tena mikono ya kuzuia kuliko ya kufunga. Anaitwa Bismack Biyombo.

Ndugu wasikilizaji wengi wanalijua jina hilo. Wachache wanajua kwamba sehemu kubwa ya maisha yake katika ligi ya NBA ya Marekani ameipitisha akiwa amekaa benchi. Na mara zote alizoshangaza watu, alishangaza akiwa amefika kwenye timu mpya, mahali ambapo hakuna aliyemtazamia makubwa. Kwa familia zilizohama makwao, na kwa wale wanaozipokea, kuna jambo la kufikiri hapo.

Biyombo alizaliwa Lubumbashi tarehe 28 mwezi wa nane 1992. Wazee wanaukumbuka mwezi huo kwa sababu nyingine. Ndipo fujo za kuwafukuza Wakasai zilipoanza Katanga, na baadaye huko Likasi na Kolwezi maelfu ya watu walilala kwenye gare miezi mingi, wakingoja treni ambayo haikuja. Habari ya mwanamichezo anayelipwa mamilioni si sawa na habari ya mama aliyelala gare na watoto wake, na haifai kuzifananisha. Lakini mtoto wa mwaka ule alizaliwa katika mji ambamo neno kuhama lilikuwa midomoni mwa kila mtu.

Yeye mwenyewe alihama akiwa kijana. Alipokuwa na umri wa miaka 16 hivi, alicheza mashindano ya vijana katika Mashariki ya Kati. Huko akaonwa na kocha Mreno Mário Palma, aliyewahi kuiongoza Angola kuwa bingwa wa Afrika. Palma akamsaidia kufika Hispania, kwenye klabu ya Fuenlabrada, karibu na Madrid. Alianza chini, katika timu ndogo, kisha mwanzoni mwa mwaka 2011 akapandishwa kucheza ligi kuu ya nchi hiyo.

Mwezi wa nne wa mwaka huo aliitwa Portland, Marekani, kwenye mchezo wa kila mwaka unaokutanisha vijana bora wa Marekani na vijana bora wa nchi nyingine, unaoitwa Nike Hoop Summit. Alipata pointi 12, ribaundi 11 na kuzuia mipira 10. Katika historia ya mchezo ule hakuna aliyewahi kufika tarakimu mbili katika mambo matatu mara moja. Miezi miwili baadaye, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, jina lake lilitajwa la saba, na safari ikamfikisha Charlotte.

Hapo ndipo wengi nyumbani walidhani hadithi imekwisha kwa wema. Kijana wa Lubumbashi ameingia NBA, basi. Kumbe ndiyo kwanza mlima ulikuwa unaanza. Charlotte ya msimu wa 2011-2012 ilishinda michezo 7 na kushindwa 59. Katika historia ya NBA hakuna timu iliyomaliza msimu ikiwa na asilimia ndogo ya ushindi kuliko hiyo. Kijana wa miaka 19, mgeni wa nchi na wa lugha, aliwekwa katikati ya nyumba inayovuja pande zote.

Halafu mwaka 2013 klabu ilimleta Al Jefferson, mtu mkubwa aliyejua kufunga akiwa karibu na kikapu. Biyombo akarudi benchi. Watu walisema hajui kushika mpira vizuri, hajui kutupa, hana kazi upande wa mbele. Maneno hayo hayakuwa uongo mtupu. Urefu wake ni mita 2 na sentimita 3 hivi, na kwa mchezaji wa kati katika NBA huo si urefu wa kutisha. Kufunga hakukuwa kipaji chake. Mwezi wa sita 2015, miaka yake 4 ya mkataba ikiwa imekwisha, Charlotte haikutaka kumpa ombi la kubaki. Hawakumtukana wala hawakumfukuza. Walimwacha tu aende.

Kuachwa namna hiyo kuna uzito wake. Mtu anayefukuzwa anaweza kukasirika, na hasira inampa nguvu. Mtu anayeachwa kimya anabaki na swali: je, ni kweli sifai? Familia nyingi zilizofika mjini hapa kutoka Mitwaba, kutoka Pweto, na siku hizi kutoka Goma na Bukavu, zinalijua swali hilo. Fundi aliyekuwa na karakana yake leo anangoja kazi ya siku. Mwalimu aliyefundisha miaka 15 leo hana darasa. Ujuzi wake haukupotea njiani. Hakuna anayeuuliza tu.

Biyombo aliulizwa na Toronto. Mkuu wa timu ya Raptors wakati ule alikuwa Masai Ujiri, Mnigeria aliyejua vijana wa Afrika na baskete yao. Mkataba ulikuwa mdogo kwa kipimo cha ligi ile: dola milioni 6 hivi kwa miaka 2. Wala hakuitwa kuwa mchezaji wa kwanza. Nafasi ya kati ilikuwa na mwenyewe, Jonas Valančiūnas wa Lithuania. Biyombo aliletwa kukaa benchi, aingie mwenzake akichoka.

Kwa nini basi alistawi? Hapa hesabu zinasema jambo ambalo maneno matamu yanalificha. Msimu wake wa mwisho Charlotte, alicheza wastani wa dakika 19 kwa mchezo, akapata pointi 4.8 na ribaundi 6.4. Msimu wake Toronto, alicheza dakika 22, akapata pointi 5.5 na ribaundi 8. Tazama vizuri. Ni karibu mtu yuleyule. Hakuzaliwa upya alipovuka mpaka kuingia Canada. Alizuia mipira kama alivyozuia zamani, akaruka kama alivyoruka, akakosa kufunga kama alivyokosa.

Kilichobadilika ni nyumba. Charlotte ilimtazama na kuona anachokosa. Toronto ilikuwa tayari na wafungaji wake, Kyle Lowry na DeMar DeRozan. Haikuhitaji mwingine wa kufunga. Ilihitaji mtu wa kulinda mlango, wa kuokota mpira unaorudi kutoka kwenye chuma, wa kukimbia akiwa hana mpira. Kocha Dwane Casey alimwomba kazi anayoiweza na hakumlaumu kwa kazi asiyoiweza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ina pande mbili: mgeni anakuja na dawa, lakini ni lazima mwenyeji ajue ugonjwa wake mwenyewe.

Na mgeni naye awe tayari. Tarehe 17 mwezi wa tatu 2016, dhidi ya Indiana, Valančiūnas hakuwepo. Biyombo akaanza mchezo, akapata pointi 16 na ribaundi 25. Hakuna mchezaji wa Raptors aliyewahi kufikisha ribaundi nyingi hivyo katika mchezo mmoja. Aliyeweka rekodi ya klabu alikuwa mchezaji wa akiba.

Msimu ule Raptors walishinda michezo 56, nyingi kuliko msimu wowote waliokuwa wameucheza hadi siku hiyo. Katika michezo ya mtoano walikutana na Miami. Tarehe 7 mwezi wa tano, Valančiūnas akaumia kifundo cha mguu, na safari hii hakungekuwa na kurudi upesi. Timu nzima ikamgeukia mtu wa benchi. Mchezo wa saba, ule wa kufa na kupona, ulichezwa Toronto tarehe 15. Raptors walishinda 116 kwa 89, na Biyombo akatoka na pointi 17 na ribaundi 16. Kwa mara ya kwanza klabu hiyo ikafika nusu fainali ya ligi.

Huko iliwangoja Cleveland ya LeBron James, ambayo ilikuwa haijapoteza mchezo hata mmoja wa mtoano mwaka ule. Michezo miwili ya kwanza Toronto ilipigwa vibaya, 115 kwa 84, kisha 108 kwa 89. Watu wakasema kazi imekwisha. Mchezo wa tatu ulichezwa Toronto jioni ya tarehe 21. Lubumbashi ilikuwa tayari usiku wa manane kuamkia siku ya Mungu, saa ambayo mji unalala na mbwa tu ndio wanaozungumza. Usiku huo mwana wa mji huu aliokota ribaundi 26 na kuzuia mipira 4. Toronto ilishinda 99 kwa 84. Alifunga pointi 7 tu, lakini kila aliyetazama alijua nani ameushika mchezo. Siku mbili baadaye wakashinda tena, 105 kwa 99. Mwishowe Cleveland ilipita kwa michezo 4 kwa 2 na kwenda kuchukua ubingwa wa ligi.

Wale wasioijua baskete wanaweza kuuliza, ribaundi ni nini hasa? Ni mpira uliokosewa. Mtu ametupa, haukuingia, umegonga chuma na kurudi. Sekunde hiyo hauna mwenyewe. Anayeupata si lazima awe mrefu kuliko wote. Ni yule aliyekwenda kuufuata kabla haujaanguka, aliyeamini kwamba utarudi upande wake, na asiyechoka kusukumana. Ni kazi isiyo na sifa nyingi, kama kuchota maji kabla watu hawajaamka. Wanaokunywa hawamkumbuki aliyechota, lakini siku asipochota nyumba nzima inajua.

Kila alipozuia mpira, Biyombo alitikisa kidole kimoja hewani, kusema hapana, hapa hapapitiki. Ishara ile ni ya Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa aliyekuwa mmoja wa wazuiaji wakubwa kuliko wote wa NBA, na aliyefariki tarehe 30 mwezi wa tisa 2024. Mtoto wa Lubumbashi aliyekaa benchi Charlotte alikuwa akiibeba ishara ya mkubwa wake mbele ya dunia.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu, lakini isingekuwa kweli yote. Mwezi wa saba 2016 Orlando ilimpa mkataba wa miaka 4, dola milioni 72. Ni fedha ambazo hakuna mtu mtaani anaweza kuzihesabu kichwani. Wengi walitazamia kwamba sasa atapanda zaidi. Hakupanda. Msimu wake wa kwanza Orlando alipata ribaundi 7 kwa mchezo, pungufu ya zile za Toronto, na timu ikashinda michezo 29 tu kati ya 82. Orlando ilikuwa na watu wakubwa wengine wa nafasi ileile, na nyumba haikujua inataka nini. Mwaka 2018 ikamrudisha Charlotte, palepale alipoachwa.

Hapo ndipo somo linakuwa gumu kidogo. Mtu akisikia habari ya Toronto peke yake, anaweza kudhani kwamba kuhama kunatosha: toka ulipo, nenda pengine, mambo yatanyooka. Orlando inakataa. Palikuwa papya vilevile, na fedha zilikuwa mara nyingi zaidi. Kilichokosekana ni ule mkutano wa haja ya mwenyeji na uwezo wa mgeni. Wasipokutana hao wawili, mtu hodari anaonekana mvivu, na mwenyeji mwema anaonekana mchoyo, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyebadilika.

Mwaka 2021 ulimpiga Biyombo pahali ambapo hakuna kocha anayeweza kusaidia. Baba yake, François Biyombo, alifariki. Yeye ni kifungua mimba, na kila mtu wa huku anajua mzigo wa kifungua mimba baba anapoondoka. Msimu wa NBA ulianza bila yeye. Miezi ikapita, hana timu, na wengi walihesabu kwamba mpira wake umekwisha.

Mwanzo wa mwaka 2022 Phoenix Suns walipata shida. Wachezaji wao wa kati, Deandre Ayton na JaVale McGee, walikuwa wametengwa kwa sababu ya Covid. Biyombo akapewa mkataba wa siku 10. Siku kumi tu, kama mtu anayepewa mkeka wa kulalia mpaka mwenye chumba arudi. Akaanza kuokota mipira na kuzuia. Siku zikaisha, na Suns wakamwambia abaki mpaka mwisho wa msimu. Tarehe 22 mwezi wa kwanza, tena dhidi ya Indiana, alipata pointi 21 na ribaundi 13. Msimu ule Phoenix walishinda michezo 64, rekodi ya klabu yao, kabla ya kutolewa na Dallas katika raundi ya pili ya mtoano.

Katika miezi hiyo ikajulikana jambo ambalo halikuwa kwenye hesabu za mchezo. Mshahara wake wote wa msimu ule Phoenix, dola milioni 1.3 hivi, Biyombo aliamua kuutoa kujenga hospitali nchini Kongo kwa heshima ya baba yake.

Wakubwa wa mji wanaelewa uzito wa uamuzi ule bila kuelezwa. Mutombo naye alifanya hivyo kabla yake. Mama yake, Biamba Marie, alifariki nyumbani Kinshasa miaka ya vita kwa sababu njia zilikuwa zimefungwa na hakuweza kufikishwa hospitalini. Mwanawe akajenga hospitali yenye jina lake, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Wachezaji wawili wa kuzuia, mmoja wa Kinshasa na mwingine wa Lubumbashi, wote wawili walipofiwa walifikiri kitu kimoja: mahali ambapo mtu mwingine hatampoteza mzazi wake namna ile.

Tena Biyombo hakuifanya ahadi yake siku za milioni 72. Aliifanya mwaka aliporudi na mkataba wa siku 10. Ndiyo maana habari hii inawagusa watu ambao hawajawahi kutazama baskete. Aliyepewa nafasi ndogo aliichukua na kuifanya iwe nafasi ya watu wengine.

Baada ya Phoenix alipita Memphis na Oklahoma City. Mwezi wa pili 2025, wakati Goma ilikuwa imekwisha kuangukia mikononi mwa M23 na Bukavu ikifuata, San Antonio Spurs wakamwita, tena kwa siku 10. Baada ya siku chache nyota wao, Mfaransa Victor Wembanyama, akasimamishwa kucheza kwa sababu ya damu iliyoganda begani. Biyombo, sasa mtu wa miaka 32, akabaki na kuanza michezo katika kikosi cha kwanza. Kiangazi kile Spurs wakampa mkataba mwingine. Charlotte ilikuwa imemwacha miaka 10 kabla.

Huku nyumbani nako baskete haikulala. Mwaka 2022, msimu uleule wa Phoenix, klabu ya Espoir Fukash ya Lubumbashi ilicheza Basketball Africa League, mashindano makubwa ya vilabu vya bara hili. Vijana wanacheza kwenye simenti iliyopasuka, wengine kwa viatu vya kuazimana, na kati yao wapo watoto waliofika mjini juzi, ambao hawajajua bado majina ya avenii.

Kwa familia zilizohama, neno la kubeba kutoka hapa si kwamba kila mtoto atafika Amerika. Watafika wachache mno, na kuwadanganya watoto ni dhambi. Neno ni kwamba kukaa benchi si kipimo cha thamani ya mtu. Ni habari ya nyumba aliyomo, na ya saa iliyopo. Kazi ya aliye benchi ni kubaki na mwili na akili iliyo tayari, maana anayeitwa hapewi wiki mbili za kujiandaa. Valančiūnas aliumia ghafla, na Biyombo aliingia siku ileile.

Kwa wenyeji, neno ni gumu zaidi, maana mlango uko mikononi mwao. Toronto haikupata ribaundi 26 kwa kumwonea huruma mtu. Ilipata kwa kumpa dakika. Kwenye parsele ambamo familia ya wageni imepewa chumba, kuna mikono inayojua kushona, kulima, kufundisha, kutengeneza. Kuwapa bukari ni vizuri, na Mungu atalipa. Lakini pia waulizwe: nyumbani ulikuwa unafanya kazi gani?